Nitaonja Mimi Kwanza

Kasulu, Jumapili mchana

Onesmo mwanangu,

Umekwenda Nyakitonto kumuaga bibi yako, na bibi yako namjua, hatakuachilia mpaka jua lishuke. Kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Nimetoa kiti nje, kilabu nimekifunga, na wateja waliokuja wameguna wakaenda zao. Sijawahi kukuandikia barua kwa sababu hujawahi kwenda mbali. Nitaiweka juu ya begi lako uisome leo leo ukirudi, maana ndani yake kuna jambo la kesho asubuhi.

Sitakuambia ufue soksi wala ulale ndani ya chandarua. Hao wa kanisa lako wanaokuchukua wana kanuni za kila kitu, mpaka saa ya kuamka, na wewe umeshazikariri. Mimi nadaiwa jibu moja tu. Alhamisi, tukiwa tunamenya ndizi, uliniomba niache kupika pombe kwa miaka hii miwili utakayokuwa mmisionari huko Zambia. Ulisema, "Mama, watu watasema nini? Mimi nahubiri watu waache ulevi, na mama yangu ndiye anayewapikia!" Nikakuambia subiri. Ukasema unataka jibu kabla hujapanda basi. Jibu lipo, ila nataka kulifikia taratibu, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na wale vijana wawili waliopanga chumba chetu cha uani, kwa sababu ni wao waliokufungulia njia hii. Unawakumbuka ulivyowajua wewe, baadaye, mkiwa marafiki. Mimi nawakumbuka tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa Kibondo kwa mjomba wako, unamalizia shule. Walikuja wamevaa mashati meupe na tai, katikati ya kiangazi, vumbi jekundu limewafika magotini. Mmoja Mzungu mrefu, mwingine Mkongo wa Lubumbashi. Kwenye beji zao wote wawili waliandikwa Mzee: Mzee Hansen, Mzee Ilunga. Nikawatazama, ndevu hawana. Watu wakaniambia hao ni Wamormoni. Nikadhani ni shirika jingine la wakimbizi, maana hapa kwetu kila mara huja gari jeupe lenye jina jipya ubavuni.

Walipomaliza kuingiza magodoro yao nikawapikia chai ya rangi yenye tangawizi. Nikafanya kama bibi yako alivyonifundisha na kama mama yake alivyomfundisha kule Burundi: nikamimina, nikaonja mimi kwanza mbele ya macho yao, ili waone hakuna kitu ndani, kisha nikampa Mzungu kikombe. Akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema maneno fulani ya Kiswahili chake cha kitabuni. Hakupokea. Nikampa Mkongo, naye akatikisa kichwa. Wewe umekulia hapa, huhitaji kuelezwa. Mtu akikataa kinywaji kabla hujakionja, ni tahadhari yake. Akikataa baada ya wewe kukionja, amekwambia kwamba sumu yako ni ya kisasa, haimdhuru mwenye kuitia. Niliwageuzia mgongo nikarudi jikoni na chai yangu, na yule Mzungu alikuwa bado anaongea.

Nilikasirika, sifichi. Nikawaambia wateja pale kilabuni kwamba wapangaji wangu wananiona mchawi, na wateja wakafanya kama wateja wanavyofanya. Wakawa wanawapigia makelele wakipita. Siku moja mteja mmoja alitoka kukojoa, akarudi akijifutia mikono kwenye mashati ya wale vijana yaliyokuwa kambani. Nilimwona vizuri kabisa, nikaendelea kupima pombe.

Basi katika hasira hiyo nikawa nawachunguza, na ndivyo nilivyoijua wiki yao, ambayo sasa ndiyo itakuwa wiki yako. Wewe umefundishwa jinsi ya kuisema. Mimi nitakuambia inavyoonekana kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa ua.

Jumatatu ndiyo siku yao ya kupumua. Wanafua tangu asubuhi, na yule Mzungu alikuwa anafua kola kwa bidii mpaka nikaogopa ataimaliza. Baada ya kufua wanapiga simu kwao. Hansen alikuwa anakaa kwenye ndoo aliyoigeuza, simu ameinyoosha mbele ya uso, anacheka na mama yake, anamwonyesha kuku wetu, anamwonyesha migomba ya jirani. Simu ikishakatika anabaki amekaa pale pale. Mara ya kwanza nilidhani anasoma kitu chini. Alikuwa analia. Kisha anakwenda kwenye pipa, ananawa uso, anamwita mwenzake wakacheze mpira na watoto wa mtaa. Sasa wewe Jumatatu utakuwa unanipigia mimi. Ukishakata, kama utalia, lia, hakuna aliyekukataza. Na mimi huku nitakuwa na kazi zangu, usidhani nitakuwa nimekaa naitazama simu. Labda kidogo.

Siku zinazofuata ni kutembea. Wanaondoka wakiwa wasafi na kurudi rangi ya barabara. Wanapanda mpaka Murubona, wanashuka, wanagonga hodi. Watu wetu hawafukuzi mgeni, wewe unajua, wanamwambia, "Njooni kesho," na kesho yake wanakwenda shamba alfajiri. Nilikuwa nawasikia jioni wakihesabu kwa sauti nyumba walizoambiwa waje kesho, kana kwamba ni mavuno. Ilunga alijua. Nadhani Hansen hakujua, au alijua akaamua kwenda tu. Kuna siku walikwenda kumlimia yule bibi kizee wa bondeni, na wanawake wote wa njia ile wakaacha majembe yao kumtazama Mzungu anavyolima. Ijumaa wanafundisha Kiingereza bure, chumba kinajaa. Jumapili wanahubiri, chumba kile kile, wanabaki watu wachache na watoto wao. Hata hilo niliwaona wakirudi nalo, wamebeba vitabu, hawasemezani. Jumatatu wanaanza tena kufua.

Na wakati wote ni wawili. Mmoja akienda chooni, mwingine anasimama uani anatazama mawingu. Nilidhani wanalindana dhidi yangu. Unaona hasira inavyompa mtu cheo asichokuwa nacho.

Mambo yalibadilika siku ya kukamua ndizi. Nilikuwa nimemenya peke yangu, nimekanda ndizi na nyasi mpaka mikono imekufa ganzi, nikaanza kuchuja. Ilunga akasogea, amekunja mikono ya shati.

"Mama, tunaweza kusaidia?"

"Mtu asiyekunywa changu asiguse changu," nikamwambia.

Akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mama, sisi hatukunywake chai, hatukunywake kahawa, hatukunywake pombe. Ni sheria ya Mungu kwetu. Haiko juu yako. Hata kwa mama yangu mwenyewe Lubumbashi, chai yake ninakataaka."

"Na kwa nini hukusema siku ile?"

"Hansen alisema. Ulikwenda na chai, mama, akaongea na mlango."

Nilicheka peke yangu, kwa aibu. Wiki zote zile! Nikachukua lile jagi la bluu, nikachota umutobe uliokuwa unatiririka kwenye nyasi, maji ya ndizi matupu, kabla hayajaguswa na unga wa mtama unaoyageuza kuwa pombe. Nikawauliza, "Na hii, sheria yenu inasemaje?" Wakatazamana. Hansen akauliza ina siku ngapi. Nikamwambia ina dakika. Nikaonja mimi kwanza, nikampa. Akanywa lote, akafuta mdomo, akasema "tamu" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akarudisha jagi nimjazie tena.

Tangu hapo kila siku ya kukamua walikuja, wakakanda, wakanywa umutobe wao, wakaondoka kabla sijatia mtama. Na wewe uliporudi kutoka Kibondo uliwakuta hivyo, viwiko vimejaa ndizi, na ukaanza kuwageuzia maneno yao kwa Kiha ili wazee wawaelewe. Ukaanza kwa kutafsiri, ukaishia kuamini. Sina ugomvi na hilo. Nilikuona ukiacha kupayuka, ukiacha wale vijana wa kijiweni, ukiamka mwenyewe bila kumwagiwa maji. Mimi nabaki kwenye kanisa langu la siku zote, lakini macho ninayo.

Hilo la chai nimelisimulia kwa sababu huko Zambia utakuwa wewe ndiye unayekataa kikombe. Utaingia kwa mama wa watu mwenye sukari kidogo ambayo ameiweka kwa ajili ya wageni, na utakataa. Kataa, ni sheria yako. Ila usikatae umesimama mlangoni. Kaa, mwambie mapema, kabla hajawasha moto, na umwombe maji. Hansen alikuwa na neno sahihi, akalisema nimeshampa mgongo. Na wakikufungia mlango, usiwe mwepesi kudhani wameikataa dini yako. Pengine kuna kikombe katikati ambacho hukukiona. Mimi niliwatesa vijana wa watu kwa ajili ya chai.

Sasa nije kwenye la leo asubuhi.

Uliniomba nije kanisani kwenu kukusikiliza ukiaga, nikaja. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa nyuma karibu na dirisha. Ulisimama vizuri, sauti ilitoka. Ulimshukuru Mungu, ukawashukuru viongozi, ukawataja Hansen na Ilunga, ingawa wao wameshamaliza muda wao wakarudi makwao. Kisha ukasema, "Namshukuru mama yangu, ambaye ni mkulima wa ndizi."

Ulikuwa unatazama ukutani uliposema.

Kiongozi wenu aligeuka akanipungia mkono. Baada ya ibada akaja kunishika mkono, akasema, "Hongera sana mama kwa kilimo." Nikasema asante. Ningesema nini? Sina hata mgomba mmoja, Onesmo. Ndizi nanunua kwa watu wa Heru, na hilo unalijua kwa sababu ni wewe unayezisukuma kwa baiskeli. Kwenye viti vya mbele kulikuwa na mama mmoja jirani yetu, alinigeukia, akaniangalia, akageuka mbele tena. Yeye mume wake hunywa kwangu.

Iliniuma. Nataka ulijue hilo kwa maneno yangu, usilisome usoni kwangu ukadhani ni uchovu.

Na nitakuambia kwa nini iliniuma zaidi ya ulivyokusudia. Baba yako alipoondoka, wewe ukiwa bado hujui kutambaa, alisema anakwenda Burundi kuangalia shamba la baba yake, atarudi kutuchukua. Siku ile nilikuwa nimenuna. Sikutaka aende, kwa hiyo sikumsindikiza, sikumpa hata maji ya njiani. Nilijifanya nina pombe ya kuchuja mpaka alipotoka. Hakurudi, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba miaka baadaye mfanyabiashara mmoja wa Nyabibuye, anayevuka mpaka na maharage, alinikuta sokoni Kibondo akaniangalia kama ameona kitu kibaya. Akasema, "Mama, wewe si ulikufa?" Baba yako kule ameoa, na aliwaambia watu kwamba mke wake wa kwanza alifia katika kambi ya wakimbizi. Nilikwenda nyumbani nikapika pombe kama kawaida. Sikuambii ili umchukie. Beji yako ina jina lake, utalibeba kifuani miaka miwili, na ni jina zuri. Ila kwa mume nimeshakuwa marehemu, na leo kwa mwanangu nimekuwa mkulima. Naona watu wangu wakivuka mpaka wananibadilisha kazi.

Jibu langu ni kwamba sitaacha kupika.

Usidhani nasema hivyo kwa sababu sijui ninachouza. Najua kuliko wewe uliyesoma kuhusu pombe kwenye vitabu. Nimemwona mtu akinywa mbegu za msimu mzima. Kuna mwanamume mmoja hapa mtaani nilimkataza kukanyaga kwangu baada ya kuona mkono wa mke wake umevimba kwa kipigo, na bado alipata pombe kwa mwingine, na bado mke wake ananilaumu mimi. Jioni nyingine nafunga nikiwa sina furaha na kazi yangu. Ungeniuliza kama ninaona ubaya wake, ningekujibu ndiyo bila kusita. Lakini hukuniuliza hivyo. Uliniuliza watu watasema nini.

Kazi hii nilifundishwa na bibi yako tukiwa hatuna kingine, yeye mjane mgeni katika nchi ya watu, mimi mtoto wa kushika chujio. Ndiyo iliyotufanya tujulikane kwa jina na majirani kabla serikali haijatupa uraia. Wewe umesoma kwayo, umekula kwayo, na shati jeupe ulilovaa leo limefuliwa kwenye ndoo yake. Siku nitakayoiacha, nitaiacha kwa sababu yangu, pengine mgongo, pengine na hilo la mke wa yule mtu. Na nitakupigia nikuambie, kama itakuwa Jumatatu. Sitaiacha ili uweze kunitaja.

Wewe nenda. Hilo nalisema bila kununa, nilishanuna mara moja na najua kununa kunafika wapi. Nenda ukahubiri unachoamini, waambie watu waache ulevi, wengine watakusikia na mimi sitapungukiwa. Ukijitambulisha kwa watu, hulazimiki kuanza na hilo la pombe. Lakini mtu akikuuliza mama yako anafanya kazi gani, mwambie.

Sasa kesho.

Najua viongozi wako watakuja stendi kukuaga, na vijana wa kanisa watakuja kuimba. Na wateja wangu watakuja pia, usishangae, wamekuona tangu unabebwa mgongoni, wameshaniuliza basi linaondoka saa ngapi. Nina ndizi nilizovundika shimoni, zimeiva vizuri. Alfajiri nitakamua kidogo, mkungu mmoja tu. Mtama sitautoa hata kwenye gunia. Umutobe huo nitaubeba kwenye jagi la bluu, lile lile ninalopimia pombe, ambalo hakuna mtu pale stendi asiyelijua. Nimeshalisugua kwa majivu na maji ya moto, nikalianika juani mchana wote huu. Halina hata harufu. Nimelinusa mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Ningeweza kutumia chupa ya maji. Nimeifikiria hiyo chupa tangu nilipotoka kanisani kwenu, na nimeiacha kabatini.

Basi likishapakia mizigo nitakuja mpaka ulipo, hapo hapo mbele ya viongozi wako na mbele ya walevi wangu. Nitaonja mimi kwanza, ili wewe na wao wote mwone hakuna kitu ndani. Kisha nitakunyooshea jagi, na kama kuna mtu atakuuliza huyu mama ni nani, nitakuwa nimesimama karibu vya kutosha kukusikia.

Mimi mama yako,
Anastazia, mpika pombe.